Umeme wa upepo, bei ya gesi: naomba kueleweshwa

MamaSalha_Leeds (Desemba 2022)
Habari za jioni wanajamvi. Mita yangu ni ya ufunguo, yaani LUKU ya huku Uingereza (unalipa kabla ya kutumia): unapeleka ufunguo dukani, unatiliwa hela, unarudi kuuchomeka. Mwaka jana pauni 10 ilinifikisha siku nne. Sasa siku ya tatu haifiki, mita inalia. Kampuni kila barua inajisifu umeme wake wote ni wa upepo na jua. Putin amefunga gesi, sawa, upepo nao amefunga? Halafu si tuliambiwa hakuna atakayelipa zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka?

Chande_wa_Simu
Dada, pole. Nimepokea simu za wateja wa umeme huku miaka mitano, na hilo la 2,500 nimelijibu mpaka sauti imekauka. Kilichowekewa kikomo ni bei ya yuniti, kama peni 34. Hiyo 2,500 ni hesabu ya nyumba ya wastani, gesi na umeme pamoja. Ukiwasha hita usiku kucha utaipita tu.

Sasa upepo. Umeme wa kesho unanadiwa leo. Wauzaji wanapangwa kuanzia wa bei ya chini: upepo, nyuklia, mwishoni mitambo ya gesi. Wanachukuliwa mmoja mmoja mpaka mahitaji yatimie, na bei ya yule wa mwisho ndiyo wanayolipwa wote. Uingereza wa mwisho karibu kila mara ni gesi. Ni kama nyanya zikiadimika: mwenye shamba la jirani hakuuzii kwa gharama zake, anakuuzia kwa bei ya zile zilizotoka mbali. Si wote wanaofaidi lakini. Mashamba mengine ya upepo yana mkataba wa bei maalumu, soko likipanda wanarudisha ziada. Wale wa mikataba ya zamani ndio wanaovuna, na kuanzia Januari serikali itawatoza kodi ya asilimia 45 kwa kinachozidi pauni 75 kwa megawati-saa, yaani yuniti 1,000.

Wiki hii ya barafu upepo umelala, bei ya mnada imepita pauni 600 kwa megawati-saa. Hiyo ni peni 60 na zaidi kwa yuniti, nawe unauziwa 34. Kampuni iliyonunua mapema inapona. Niliyokuwa naifanyia kazi 2021 haikununua. Saa 4 asubuhi tuliambiwa imefilisika, saa 6 tunarudisha vifaa vya masikioni, wateja wakagawiwa kampuni nyingine.

Kibo_Kimara
Mnalalamikia bei, wenzenu huku Dar bei haijagusika ila ukame umeshusha maji mabwawani na mgao umerudi. Bei inapangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hakuna mnada wa kesho. Jana nimegawa samaki kwa majirani kabla hawajaharibika.

Chande_wa_Simu
Kaka Kibo, hapo umegusa penyewe. Huku wanajaribu kununua mgao wa hiari. Mwendesha gridi, yaani msimamizi wa njia kuu za umeme, anatoa hadi pauni 3 kwa kila yuniti usiyotumia, tuseme saa 11 mpaka saa 12 jioni. Mke wangu alisonga ugali saa 10, tukaula umepoa, tukapata pauni moja na ushee. Ila inahitaji mita janja, ile inayotuma usomaji yenyewe. Ya ufunguo haimo, yaani anayebanwa zaidi ndiye asiyelipwa.

MamaSalha, vocha umezipata? Wenye mita za ufunguo wanapewa ule msaada wa serikali wa pauni 400 kwa vocha: 66 Oktoba, 66 Novemba, kisha 67 kila mwezi hadi Machi. Kila moja inaishi siku 90. Ya Oktoba inakaribia kufa.

MamaSalha_Leeds
Kumbe ndizo zile bahasha nyeupe? Nilidhani matangazo! Moja Salha kaichora paka. Ngoja nikafukue kapu la karatasi.

Chande_wa_Simu
Paka si neno, mradi msimbo unasomeka. Nenda na kitambulisho.