Kamera ya dashibodi inanimalizia betri, kila Jumatatu gari haliwaki. Naomba ushauri

Mpiga_Honi
Wakuu, salaam. Mwezi jana nilifunga kamera ya dashibodi, nimeichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha sigara. Siku za kazi haina shida. Ijumaa jioni naegesha, gari siligusi tena mpaka Jumatatu, na hii ni Jumatatu ya pili mfululizo nazungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia mpaka unazionea huruma. Jirani kanibusti ndipo likawaka. Betri ina miaka mitatu, imeandikwa 45Ah (ampea-saa). Kuacha kurekodi gari likiwa limeegeshwa sitaki, maana nilishagongwa bampa na mtu akaondoka zake kimya. Nifanyeje?

Koleo
Chomoa ukishuka. Tatizo limekwisha.

Mpiga_Honi
Mkuu, umesoma mpaka mwisho kweli?

Mama_Gia
Ukishatoa ufunguo, taa ya kamera inabaki inawaka? Kama ndiyo, soketi yako ina umeme muda wote. Kuna magari soketi inazima pamoja na ufunguo, mengine haizimi kamwe.

Sasa piga hesabu. Kamera nyingi zinakula wati 3 mpaka 6. Tuseme yako inavuta ampea 0.4 kutoka kwenye betri. Ijumaa saa moja jioni mpaka Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 60. 60 mara 0.4 ni 24Ah. Hapo umeshakula zaidi ya nusu ya betri mpya, na yako si mpya. Hiyo 45 iliyoandikwa ubavuni ni ya siku ilipotoka kiwandani.

Halafu, safari zako za kila siku ni ndefu kiasi gani?

Mpiga_Honi
Taa inabaki inawaka, ndiyo. Kazini ni dakika kumi tu.

Mama_Gia
Basi hata umeme uliotumika kuwasha injini pengine haurudi wote. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, si mchawi.

Dereva_wa_Usiku
Mimi nilijaribu pawabenki, nikaitupia kwenye droo ya dashibodi, waya mmoja kwenda kwenye kamera. Wiki mbili safi kabisa. Siku moja ya jua kali nafungua droo naikuta imevimba kama chura. Niliitoa kwa vidole viwili huku nimegeuza uso pembeni. Usirudie ujinga wangu.

FyuziMoja
Pawabenki za kawaida na gari lililofungwa vioo juani haviendani. Kuna betri za pembeni za litiamu fosfeti zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera: zinajichaji ukiwa unaendesha, ukizima gari kamera inakula huko na betri kubwa haiguswi. Ila kwa dakika zako kumi haitajaa, kwa hiyo sikushauri.

Unachohitaji ni kile kifaa cha kuunganishia kamera kwenye boksi la fyuzi, chenye kukata umeme volti zikishuka. Kina nyaya tatu. Wa BAT unakwenda kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, wa ACC kwenye fyuzi inayopata umeme ukiwasha tu, na mweusi kwenye bolti ya bodi. Kwaruza rangi kama ipo, pawe chuma kitupu. SOMA MAANDISHI, usifuate rangi: kuna watengenezaji BAT yao ni ya njano, wengine nyekundu. Ukizigeuza, kwenye vifaa vingi kamera itazima pamoja na gari utadhani umeuziwa kibovu.

Fyuzi za mifuko ya hewa na za breki usiziguse. Na waya unaposhuka kwenye nguzo ya kioo cha mbele upite nyuma ya mfuko wa hewa, usiukatize kwa mbele.

Koleo
Kuna waya mwingine unachomeka kwenye ile soketi ya mafundi ya kusomea makosa ya gari, chini ya usukani. Dakika mbili, hugusi fyuzi.

FyuziMoja
Upo, na unafanya kazi. Lakini soketi hiyo nayo ina umeme muda wote, kwa hiyo kama waya wenyewe haukati volti zikishuka umehamisha tatizo tu. Na yapo magari ambayo kompyuta zake hazilali ukiacha kitu kimechomekwa pale.

Mpiga_Honi
Nakata kwenye volti ngapi? Nimeona vya 11.6 mpaka 12.4.

Mama_Gia
Betri ya risasi ikiwa imepumzika, 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 umeshachelewa. Weka 12.2. Hiyo 11.6 sijui wanamwekea nani. Kuishusha betri kiasi hicho mara kwa mara kunaigandisha salfeti (chumvi ya risasi) kwenye sahani za ndani, na salfeti ikishakomaa haitoki kwa kuchaji.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari likiwa limezimwa, chomoa nguzo hasi ya betri, weka mita katikati ya nguzo na kebo, upande wa ampea 10. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Bila kamera isizidi ampea 0.05. Ikizidi, una mwizi mwingine. Na USIWASHE gari mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Mpiga_Honi
Nimerudi wakuu. Bila kamera 0.03, na kamera 0.42. Mama_Gia ulikuwa umekaa kwenye siti yangu? Nimefunga kile kifaa, nimeweka 12.2, na Jumamosi zilizobaki nitakuwa nazungusha gari saa nzima. Leo Jumatatu limewaka mara moja tu.

Ila nimefungua kadi: faili la mwisho ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Baada ya hapo hakuna kitu.

FyuziMoja
Ndivyo inavyotakiwa. Betri yako imechoka, inafika 12.2 mapema. Angalia kwenye mipangilio kama kamera ina hali ya kulala na kuamka ikitikiswa tu. Usichague ile ya picha za kurukaruka (inapiga picha moja moja kila baada ya muda), hiyo inaokoa nafasi ya kadi, umeme inakula karibu uleule.

Mpiga_Honi
Ipo! Nimeiweka. Nimelipiga bampa teke, ikaamka.

Koleo
Au ungechomoa tu.