"Nani kafa?" Kanisani, kwenye mageuzi! Huyu mtu kalelewa wapi?

Mtoto wa Dunda (mleta uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kanisani sasa hivi, shati limenigandia mgongoni, pilau linapoa jikoni na sili mpaka nimalize kuandika.

Leo mwanangu kapokea Komunyo ya Kwanza hapa Bagamoyo. Mafundisho mwaka mzima, gauni jeupe la Kariakoo, taji la maua, nimekopa mpaka mbuzi. Ukweni wakasema watakuja na mgeni. Mgeni mwenyewe mnamjua, simtaji. Yule. Mhubiri wa kilokole, wa suti ya zambarau na viatu vyeupe vilivyochongoka kama ngalawa. Yule ambaye spika zake zikiwashwa Magomeni, samaki wa Kaole wanahamia Mafia.

Misa imeanza vizuri. Utukufu tumeupigia makofi mpaka viganja vikawaka. Matoleo ndiyo usiseme: akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wameingia wanacheza, mmoja kabeba mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika, mwingine kamkumbatia jogoo mwekundu kafungwa miguu kwa utepe mweupe. Kayamba, vigelegele, bibi wa miaka themanini anatingisha mabega. Hapo mheshimiwa yuko kimya, anachezea simu!

Yakafika mageuzi, pale mkate na divai vinapogeuzwa Mwili na Damu ya Kristo. Padri kainua Hostia. Kengele ikalia. Kanisa zima magotini, kinanda kimezimwa, ubani unapanda, unasikia feni tu. Hata jogoo kanyamaza, wakuu. Jogoo! Na yeye kasimama peke yake katikati yetu kama nguzo ya umeme, akaachia kwa sauti iliyozoea kipaza sauti:

"Nani kafa?"

NANI KAFA!

Mzee mmoja wa walei kageuka mpaka shingo ikalia ko. Katekista kadondosha rozari. Mwanangu mstari wa mbele kageuka kunitazama, naona midomo yake inauliza: baba, nani kafa?

Nje nikamfuata. Akanipiga begani: "Shemeji, Yesu kafufuka, nyie bado mko matangani." Nikakosa jibu. Jibu limenijia nikiwa kwenye bajaji: wewe ukimkuta mkweo mlangoni unamrukia? Kwenye matoleo tumecheza, kwenye mageuzi tumepiga magoti. Kila kitu na saa yake.

Nani kafa. Nikifumba macho naisikia.

Na mke wangu kacheka. Anasema alikuwa anakohoa.

Pweza Mbichi: Wa kwanza. Ngoja nivute kiti.

Mama Kibaraza: Mkeo hakukohoa baba. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yenu. Alijifunika mtandio, mabega yanapanda na kushuka.

Mtoto wa Dunda: Mama, tafadhali. Nyumba yangu usiiingize.

Chaza Mkavu: Ungemjibu hapohapo: Livingstone, yule mmisionari, mwaka 1874. Mwili wake si ulilazwa palepale misheni kabla ya kuvushwa Unguja? Swali lake lilikuwa halali, limechelewa miaka 150 tu 😂

Kinanda cha Tatu: Chaza, usipotoshe. Livingstone kafa 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Bagamoyo kafika tayari maiti, kaletwa na watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao kwa miguu. Kwa hiyo hakufia Bagamoyo.

Chaza Mkavu: Nimesema alilazwa. Soma kwanza mzee.

Mlokole Halisi: Bwana Yesu asifiwe. Kuuliza ni dhambi? Mimi nimewahi kuja kwenu kwenye ndoa, nikasimama wakati mmekaa, nikakaa wakati mmepiga magoti, nikaondoka na maumivu ya kiuno. Kwetu mtu anaingia na mzigo wake, anaimba, analia, anaruka, saa nne zinapita hajaangalia saa. Nyie dakika ya hamsini tayari mmeshika funguo za pikipiki. Zaburi 150 inasema matoazi yavumayo sana. Kimya chenu kimeandikwa wapi?

Kinanda cha Tatu: Habakuki 2:20. Dunia yote na inyamaze kimya mbele zake. Na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, 1963, namba 30, inawataka waamini waitikie, waimbe, watumie ishara za mwili, na kwa wakati wake wakae kimya kitakatifu. Kuimba kumo, kunyamaza kumo. Haijasema popote aulizwe nani kafa.

Mlokole Halisi: Basi spika zetu zinatimiza Zaburi, nyie timizeni Habakuki. Tugawane Biblia.

Jirani wa Magomeni: Asalaam aleikum. Mimi Muislamu wenu, nyumba yangu iko kati ya mazoezi ya kwaya yenu na spika za huyo bwana. Mwanangu wa madrasa anaoga huku anaimba "Mwanakondoo wa Mungu", akimaliza anaruka pambio. Huko kimya mnakogombania ni wapi? Nihamie.

Mama Kibaraza: 😂😂 Na ubani nani aliiuzia sakristia?

Jirani wa Magomeni: Ubani ni biashara dada, hauna dini.

Mtoto wa Dunda: Wakuu mnacheka lakini hamkuwepo. Kengele imelia. Hostia iko juu. Halafu mtu anauliza NANI KAFA. Misheni hii ya mwaka 1868, ya kwanza ya Kikatoliki upande wa bara kwa Afrika Mashariki yote, mpaka leo nadhani hakuna aliyewahi kuuliza hivyo!

Pweza Mbichi: Mkuu, hilo povu ungefulia sare za shule mtaa mzima.

Sauti ya Nne: Mimi yule simtetei, ila tuseme ukweli. Kinachoua uchaji kwetu si wageni, ni matangazo. Mtu umetoka kupokea Ekaristi, umefumba macho, unaongea na Mungu wako, anasimama mtu na daftari: mchango wa bati, mchango wa kamati ya mchango wa bati. Nusu saa. Mwisho anasema "kwa kifupi".

Mama Kibaraza: Mpiga picha je? Leo kampandia mtoto wa watu mpaka kwenye ulimi. Padri anasema "Mwili wa Kristo", yeye anasema "rudia, taa haikuwaka".

Chaza Mkavu: Tuacheni yote. Yule jogoo kaenda wapi?

Sauti ya Nne: Mnadani baada ya Misa. Kapanda mpaka elfu hamsini na tano.

Chaza Mkavu: JOGOO? Sokoni hafiki thelathini!

Sauti ya Nne: Ni mnada wa Bwana. Na aliyemnunua mnamjua.

Mama Kibaraza: Usiniambie.

Sauti ya Nne: Suti ya zambarau. Kalipa taslimu, kamkumbatia jogoo wake, kaondoka anacheza. Wanakwaya wakampigia vigelegele.

Mlokole Halisi: Haleluya.

Mtoto wa Dunda: Ndiyo maana kwenye gari la ukweni kulikuwa na kitu kinawika.

Mama Kibaraza: Vigelegele vyenyewe walipiga akina nani? Nusu ya kwaya hawakuimba leo, sare hazijatoka. Fundi kachukua kitenge tangu Kwaresima, kila siku "njoo Alhamisi". Leo soprano wamevaa rangi tatu kama bendera.

Pweza Mbichi: Fundi huyo si yule wa karibu na soko la samaki, mwenye redio haizimwi?

Mama Kibaraza: Huyohuyo. Simtaji.

Jirani wa Magomeni: Ana kanzu yangu ya Idi iliyopita. Nimeiona kaivaa.

Mtoto wa Dunda: Ngoja, huyo mwenye kengeza kidogo? Ana suruali yangu tangu Pasaka! Nilitaka kuivaa leo!