"Na kazi nyingine utakazopangiwa": kipengele hiki kibaki au kiondolewe kwenye mikataba?

Mleta mada

Wakuu, tujadili mstari mmoja tu. Chukua mkataba wa kiwandani, wa hotelini, wa shule binafsi, au hata tangazo la kazi serikalini. Majukumu yameorodheshwa vizuri, kisha mwishoni kabisa: "na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi". Wengi wetu tunasaini bila kuusoma, maana macho yako kwenye mshahara.

Msimamo wangu: ubaki, ila uwekewe mipaka. Keshia akiombwa asaidie kuhesabu mzigo kwa sababu mtunza stoo anaumwa, hana cha kulalamika. Lakini mtunza stoo akiacha kazi, miezi ikapita bila mwingine kuajiriwa, keshia ndiye akawa anashika funguo za stoo na kukatwa mshahara mali ikipungua, hapo mnaniambia bado ni "kazi nyingine"? Hizo ni ajira mbili kwa mshahara mmoja.

Na sheria ipo hapa Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na aina ya kazi anayoifanya imo. Yakibadilika, kifungu kidogo cha 4 kinamtaka mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku, "kesho utaanzia stoo", sioni ushauriano hapo.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza

Mkuu, unaongea kama mtu asiyewahi kulipa mishahara. Mimi nina vijana wanne. Lori la saruji likifika saa kumi jioni na mawingu yametanda, nianze kufungua mikataba kuangalia nani aliajiriwa kushusha? Wote tunashusha, na mimi nimo. Ukinifutia huo mstari sitaajiri mtu wa tano, nitachukua vibarua wa siku. Nani atakuwa amesaidiwa?

Dereva, Dar es Salaam

Bosi wa Mwanza, kushusha saruji pamoja na bosi wako hakuna tatizo. Sisi wengine yanayotukuta ni tofauti. Niliajiriwa kuendesha gari dogo la kusambaza mizigo. Siku moja naambiwa nipande foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mtu wake hayupo. Sijasomea. Nasema sijui, najibiwa: soma mkataba wako. Nikimponda mtu, mkataba ndio utaenda polisi?

Afisa utumishi

Tutenganishe mambo mawili, maana naona yanachanganywa. Mstari huo unahusu aina ya kazi, hauongezi saa. Kifungu cha 19 kinabaki palepale: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Muda wa ziada unahitaji makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kwa hiyo mwajiri anayesema "nilishakuandikia kazi nyingine" ili asilipe ovataimu hana hoja. Tofauti ni baadhi ya mameneja, maana sehemu hiyo ya sheria haiwahusu.

Ila nawaonya pia wafanyakazi: kukataa agizo halali na la busara kunaweza kukufikisha kwenye kamati ya nidhamu. Dereva, agizo la foklifti mimi nisingeliita la busara, na ningekushauri ukatae kwa maandishi. Ukikataa kwa mdomo, kesho itaandikwa umegoma.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Huku Kenya ni vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10(5), inataka mwajiri arekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Lakini mleta mada, hapo unajipa matumaini. Wewe utasema "sitaki", yeye ataandika "tulishauriana", na foleni ya wanaotafuta kazi iko nje ya geti. Mwenye nguvu ni nani hapo?

Mleta mada

Wa Nakuru, hapo umenibana, na ndiyo maana sitegemei kifungu peke yake. Ninachotaka kiandikwe kwenye mkataba wenyewe ni mambo matatu: kazi ya ziada iendane na ujuzi wa mtu, iwe na tarehe ya kuisha, na ikipita tarehe hiyo mshahara ujadiliwe upya. Serikalini mtu akikaimu cheo kuna utaratibu wa posho ya kukaimu. Sekta binafsi inashindwa nini?

Mzee wa Mwanza, wewe hauguswi. Saruji inashushwa, inaisha, kila mtu anarudi kazini kwake. Nakubali duka la watu wanne halihitaji makaratasi ya kiwanda cha watu mia nne.

Anayetaka kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, asikae na kinyongo mwaka mzima: mwisho wa kupeleka shauri ni siku 30 kama umeachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine. Tunza barua na hizo jumbe za usiku.

Afisa utumishi, swali kwako: kwa nini ninyi mnaoandaa mikataba hamwandiki kikomo tangu mwanzo?

Afisa utumishi

Tunaandika. Mwajiri anakifuta kabla ya kusaini.