Uanachama wa klabu za likizo: je, punguzo la hoteli linaloahidiwa lipo kweli?

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Leicester

Ndugu wanajumuiya, salamu nyingi kwenu nyote.

Naomba ushauri wenu kabla sijatia saini. Mimi na mke wangu tulialikwa kwenye kikao cha klabu moja ya likizo, tukaelezwa kwamba tukilipa pauni 4,000 za kujiunga na pauni 150 kila mwaka kwa miaka 10, tutapata punguzo la hadi asilimia 60 katika hoteli za kifahari duniani kote, zikiwemo za Diani na Nungwi. Nilimwomba muuzaji atufungulie tovuti yao tuone bei ya hoteli yoyote ya Diani kwa wiki mbili za Agosti. Alijibu kwamba bei za wanachama huonekana baada ya mtu kujiunga tu, na kwamba nafuu waliyotupa ingekwisha jioni ile ile. Hatukusaini, lakini wanaendelea kutupigia simu. Tuna watoto watatu wanaosoma, na tukijaliwa huenda nyumbani wakati wa likizo ya shule kuwaona wazazi. Je, kuna aliyewahi kunufaika na klabu za namna hii?

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Reading

Kaka, nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu jambo hili limeziingiza familia kadhaa za jumuiya yetu katika madeni, na ningependa tulizungumze kwa kina.

Nianze kwa kuwatendea haki wauzaji: si kila wanachosema ni uongo. Hoteli haipendi chumba kilale kitupu, wala haipendi kutangaza hadharani bei ya chini itakayowaudhi wageni waliolipa zaidi. Ndiyo maana vyumba huuzwa kwa jumla kwa kampuni kama Hotelbeds, yenye makao yake Palma, kisiwani Mallorca, nazo huviuza tena kwa mawakala na klabu kwa sharti kwamba baadhi ya bei hizo zisioneshwe kwa umma. Kwa hiyo klabu inapokuambia kwamba ina bei ambazo huzioni ukitafuta mtandaoni, huenda inasema kweli. Tatizo ni kwamba wapo wengine wanaotoa bei za namna hiyo bila kiingilio. Ukijisajili Booking.com bila malipo yoyote, unaingia ngazi ya kwanza ya mpango wao wa Genius na kupata punguzo la asilimia 10 katika hoteli zinazoshiriki, na wasafiri wa mara kwa mara hupanda ngazi ambazo punguzo lake linaweza kufika asilimia 20.

Sasa tuitazame hiyo asilimia 60. Swali la kumuuliza muuzaji ni: asilimia 60 ya bei ipi? Kila hoteli ina bei kamili iliyoandikwa kwenye orodha yake, ambayo ni wageni wachache sana huilipa, na punguzo linalopigwa kutoka bei hiyo linaweza kukufikisha pale pale ambapo tovuti za kawaida zimekwisha kufika. Isitoshe, neno «hadi» linairuhusu klabu kutaja usiku mmoja ulio rahisi kuliko yote katika mwaka mzima. Kwenye pwani yetu kila mtu anajua usiku huo uko wapi: ni wakati wa masika, Aprili na Mei, ambapo hoteli nyingi za Zanzibar na Diani hushusha bei zenyewe au hufunga kabisa ili kufanya matengenezo. Agosti na Desemba, ambazo ndizo tarehe zenu wenye watoto shuleni, hoteli hujaa bila msaada wa klabu, na mwenye hoteli hana sababu ya kukupunguzia wewe wakati mwingine yuko mlangoni na bei kamili mkononi.

Tupige hesabu kwa takwimu ulizopewa. Pauni 4,000 pamoja na pauni 150 kwa miaka 10 ni pauni 5,500, yaani pauni 550 kila mwaka kabla hamjalala hotelini usiku mmoja. Ikiwa klabu itakupa bei iliyo chini ya bei ya wazi kwa asilimia 10, itabidi mtumie pauni 5,500 za hoteli kila mwaka ili mrudishe tu kile mlicholipa. Ikiwa nafuu halisi ni asilimia 20, itabidi mtumie pauni 2,750 kila mwaka, pamoja na ile miaka ambayo hamsafiri. Na safari zetu tunazijua. Familia ya watu watano inayokwenda Mombasa au Dar es Salaam mwezi Agosti humaliza sehemu kubwa ya fedha kwenye tiketi za ndege, na siku nyingi inalala kwa wazazi, kwa sababu hiyo ndiyo sababu ya safari. Hoteli ni siku tatu au nne za kuwapa watoto bahari. Klabu inakuuzia nafuu ya kitu ambacho ninyi mnakitumia kidogo kuliko vyote.

Mkitaka kulipima hili wenyewe, chagueni hoteli moja na tarehe mnazokwenda kweli, kisha mwombeni muuzaji awaandikie kwa barua pepe bei ya chumba cha idadi yenu, ikitaja kama kifungua kinywa kimo, kodi na ada zote zimo, na kama mkighairi fedha zinarudi. Siku hiyo hiyo tazameni bei ya chumba kile kile katika tovuti mbili za wazi, halafu iulizeni hoteli yenyewe kwa WhatsApp. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, ingawa kwa sisi ndiyo yenye manufaa kuliko zote, kwa kuwa hoteli nyingi za Kenya na Tanzania zina bei ya wakazi iliyo chini sana ya bei ya wageni kutoka nje. Anayesafiri kwa pasipoti ya nyumbani aulize kama bei hiyo inamhusu. Baadhi ya hoteli hukubali, nyingine hudai kibali cha ukaazi. Muuzaji akikataa kutoa bei kwa maandishi, kama alivyokataa mbele yenu, basi anawataka mlipie punguzo ambalo hamkuruhusiwa kuliona.

Kuhusu sheria, hapa Uingereza hamko peke yenu. Kanuni za mwaka 2010 kuhusu bidhaa za likizo, zilizoanza kutumika tarehe 23 Februari 2011 kutokana na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2008/122, zinautaja mkataba wa aina hii waziwazi: mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja ambao faida yake kubwa ni punguzo la malazi. Sheria ya zamani ya Ulaya ya mwaka 1994 iligusa haki za kutumia nyumba za likizo kwa zamu kwa miaka mitatu au zaidi, na klabu za punguzo zilistawi katika pengo hilo hadi lilipozibwa. Leo mnunuzi ana siku 14 za kujiondoa bila kutoa sababu na bila gharama, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote, hata amana. Baada ya hapo malipo ya uanachama, pamoja na kiingilio, yanapaswa kugawanywa katika mafungu ya kila mwaka yanayolingana, na kuanzia fungu la pili mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba bila adhabu ndani ya siku 14 tangu alipoletewa dai la malipo. Kwa hiyo, kaka, klabu inayodai pauni 4,000 mkupuo mmoja siku ya kusaini imekwisha kuvunja sheria kabla hamjafika hotelini.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Houston

Wapendwa, naongeza ya huku Marekani, kwa sababu msidhani siku 14 za Ulaya zinatufuata popote tulipo.

Huku mengi hutegemea jimbo. Mkataba wa nyumba ya likizo ya zamu uliosainiwa Florida una siku 10 za kujiondoa, na wa Nevada una siku 5. Kwa mauzo mengine ipo kanuni ya shirikisho ya siku tatu za kazi, inayohusu mauzo ya dola 130 au zaidi yaliyofanyika mahali pa muda kama vile ukumbi wa hoteli. Haihusu mauzo yaliyofanyika katika ofisi ya kudumu ya muuzaji, wala yaliyofanyika yote kwa simu au mtandaoni. Basi mtu aangalie amesaini wapi na alikuwa ameketi katika jengo la nani.

Sipingi kila uanachama. Mimi hununua baadhi ya safari kupitia Costco, maduka makubwa ya wanachama, ambako kadi ya kawaida ya uanachama ni dola 65 kwa mwaka na asiyeridhika hurudishiwa ada yake. Huko nikikuta bei si nzuri naondoka, na sijafungwa kwa miaka 10.

Jambo linaloniumiza zaidi ni pale klabu inapoletwa kwetu na mtu wa kanisani au msikitini, naye akakuambia kwamba ukiwaleta wenzako utasafiri bure. Mwaka 2014 mamlaka ya bahati nasibu ya Norwei iliamua kwamba WorldVentures, kampuni ya Texas iliyouza uanachama wa safari kwa mtandao wa mawakala, inaendesha biashara ya piramidi, yaani ile ambayo mapato yake hutoka hasa kwa kuingiza wanachama wapya, na mwezi Desemba 2020 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mwanachama wa chini anapopoteza fedha zake katika mpango kama huo, anapoteza pia urafiki na yule aliyemwingiza, na jumuiya ndogo kama zetu hazina marafiki wa kutupa. Naomba viongozi wetu wasiruhusu mauzo haya katika mikutano ya misiba na harusi.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Milton Keynes

Samahani kwa kuingilia. Shemeji yangu alisaini mkataba wa miaka mitano na klabu ya namna hii wiki iliyopita, hapa hapa Uingereza, na alilipa sehemu kwa kadi ya mkopo, huku kiasi kilichobaki kikiwa ni mkopo waliompangia palepale. Tangu jana amebadili nia, lakini wanamwambia fedha hazirudi. Je, amechelewa?

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Reading

Dada, hajachelewa, ila asiendelee kubishana nao kwa simu. Leo hii aandike barua fupi: jina lake, namba ya mkataba, tarehe aliyosaini, na sentensi moja isemayo kwamba anajiondoa katika mkataba huo. Hahitaji kueleza sababu, na akieleza atawapa jambo la kujadili. Aitume kwa barua pepe na pia kwa posta yenye uthibitisho, na atunze risiti, kwa kuwa kinachohesabiwa ni siku aliyoituma. Siku 14 huanza kuhesabiwa siku aliyosaini, au siku aliyopokea nakala ya mkataba ikiwa aliipata baadaye. Atazame pia kama ndani ya mkataba kuna fomu ya kujiondoa, kwa sababu kama hakupewa fomu hiyo, muda wake unakuwa mwaka mmoja na siku 14.

Mkopo waliompangia huvunjika pamoja na mkataba. Hata hivyo amwandikie mkopeshaji siku hiyo hiyo, asije akaanza kukatwa fedha kwenye akaunti. Kuhusu alicholipa kwa kadi ya mkopo, amjulishe mtoa kadi na ataje kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974, ambacho humfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji pale bei ya kitu kilichonunuliwa inapozidi pauni 100 na haipiti 30,000. Katika siku zijazo anaweza kupigiwa simu na mtu mwingine atakayesema kwamba anaweza kumrudishia fedha zake au kumuuzia uanachama wake kwa malipo ya mapema. Asimlipe hata senti.

Klabu ikikaa kimya au ikikataa, apige simu Citizens Advice, shirika la hisani la kuwashauri wananchi, ambao ushauri wao ni bure, nao huzipeleka taarifa za namna hii kwa Trading Standards, maofisa wa serikali za mitaa wanaosimamia sheria za biashara. Mkiniletea rasimu ya barua kabla ya saa mbili usiku, nitaisoma leo.