Ushauri jamani: mguu wa kuku (bastola) mdogo wa kubeba kila siku, upi unafaa?

Msee_wa_Beli
Habari zenu wadau. Mimi nauza nguo za mitumba soko la Gikomba, Nairobi, nanunua beli (furushi zima) nafungua nauza, na kama kuna mtu wa hii kazi hapa anajua soko letu linaamka saa kumi alfajiri, ukifika saa kumi na mbili kamera (zile nguo kali za kwanza) zote zimeenda unabaki na za kupangusia viatu. Sasa mimi natoka Umoja gizani na pesa kiunoni na mwaka huu nimekabwa mara mbili pale karibu na mto. Nafikiria kujitafutia rivolva ndogo. Nimesoma mpaka kichwa kinauma: Smith & Wesson 642, Ruger LCR, na zile za zamani za nyundo ya nje (kile chuma cha nyuma cha kugonga risasi) kama Model 36. Sitaki ya magazini, nataka ya silinda, risasi tano. Ipi? Naomba majibu ya watu wazima tafadhali.

Ras_wa_Kayole
Nunua mbwa. Hatumii risasi.

Till_Number
Pesa taslimu mwaka huu buda? Weka kwa simu wakukabe wapate kitambaa.

Msee_wa_Beli
@Till_Number enda umwambie mwenye beli hivyo saa kumi na nusu, network imekataa na nyuma yako kuna wamama sita wamenyoosha noti. Beli haikungoji.

Mzee_wa_Shabaha
Kijana nitakujibu ulichouliza. 642 na LCR zote ni za risasi ya .38 Special, zote zinabeba tano, zote nyundo imefichwa ndani. Smith fremu yake ni ya alumini, kama gramu 410. Ruger ilitoka 2009, ina sehemu ya plastiki, haifiki gramu 400, pakiti ya sukari ya nusu kilo inaizidi. Watu wanapenda huo wepesi dukani halafu wakifika reinji (uwanja wa shabaha) ya Kirigiti wanapiga kumi wanakaa chini kusugua mkono, maana chuma chepesi teke lote kinalirudisha kwa kiganja chako. Triga ya Smith inataka uvute karibu kilo tano, kila risasi, ya kwanza mpaka ya tano. Na mtutu wake hata inchi mbili haufiki, mimi nimepiga miaka mingi lakini lengo likipita mita saba naanza kuomba. LCR triga yake ni laini kidogo, ningechukua hiyo. Nyundo ya nje achana nayo kama unabeba mfukoni.

Msee_wa_Beli
Asante sana mzee, hapo umegusa. Hata mimi hiyo nyundo inanisumbua, inanasa kwa kitambaa cha ndani cha jaketi, ukivuta inakuja na uzi. Lakini Model 36 si ni ya chuma kizima, teke si linapungua?

Mama_Beli_Kubwa
Mimi niko hapo Gikomba tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi na sasa mmoja ana wake. Wacha nikwambie. Nilisimamishwa Landhies Road na vijana watatu, mmoja ameshika bunduki, nikatoa kila kitu mpaka kitambulisho. Walipokimbia ile bunduki ikaanguka, ikapasuka katikati. Plastiki! Ya mtoto ya kuchezea, wamepaka rangi nyeusi ya viatu, mkono wangu ulinuka kiwi. Nikacheka nikiwa nalia. Sasa fikiria ningekuwa na yako ya kweli hapo, ningeua mtoto wa mtu kwa sababu ya kidude cha dukani. Siku hizi tunatembea wamama watano, tunalipia probox moja, inatupeleka mpaka ndani.

Shemasi_Njiru
Ndugu, jilinde kwa maombi kwanza. Chuma hakijawahi kumpa mtu usingizi.

Ras_wa_Kayole
Shemasi mlango wako wa nyumba una kufuli ngapi?

Shemasi_Njiru
Nne. Lakini hiyo ni busara.

Wakili_wa_Vichochoro
Ngojeni kwanza, mnapita haraka. @Msee_wa_Beli inanasa kwa jaketi gani? Si umesema unafikiria kununua?

Msee_wa_Beli
Nilijaribisha ya rafiki.

Wakili_wa_Vichochoro
Rafiki akakupa rivolva yake ukaweka kwa jaketi lako ukavuta mpaka ukajua inakuja na uzi. Haya. Cheti cha bunduki unacho?

Msee_wa_Beli
Kiko njiani.

Wakili_wa_Vichochoro
Njiani wapi? Cheti cha tabia njema umechukua? Umeenda kwa daktari wa akili? Umehojiwa na mtu yeyote?

Msee_wa_Beli
Naomba tusitoke nje ya mada. Nimeuliza Smith ama Ruger.

Mzee_wa_Shabaha
Mada ndiyo hiyo kijana. Jibu.

Msee_wa_Beli
Sawa. Ni ya marehemu babangu. Alikuwa mmiliki halali, sio jambazi, alikuwa na cheti na hata walipoitwa wote kupigwa msasa upya alienda akapewa kadi ile mpya. Alipofariki 2016 hakuna mtu alikumbuka, iko kwa debe la mafuta ya Cowboy juu ya kabati, na risasi kumi na moja kwa mkanda wa ngozi. Sijaiba. Nimebeba kama mara nne hivi, tena bila kutia risasi mara ya kwanza. Wazo langu ni nipate cheti halali cha moja inayofanana nayo, kisha hiyo ya zamani ikae tu nyumbani, nisipate shida nikisimamishwa. Ndiyo maana nauliza ya nyundo ya nje.

Till_Number
Haiyaaa

Mzee_wa_Shabaha
Kijana nisikilize. Cheti hakirithiwi kama shamba. Kimeandikwa jina la mtu mmoja na nambari ya bunduki moja, hiyo nambari imechongwa kwa chuma, karao (polisi) yeyote anaigeuza anasoma na umeisha. Inayofanana haisaidii kitu. Mwenyewe akifariki inasalimishwa polisi, wewe ukitaka yako unaomba kwa jina lako kuanzia mwanzo. Na hizo risasi zilizokaa kwa ngozi, angalia kama shaba imeota kijani.

Msee_wa_Beli
Imeota. Zingine zimeshikana na ngozi kabisa.

Mzee_wa_Shabaha
Usizibandue. Usiziguse.

Msee_wa_Beli
Lakini nikiipeleka wataniuliza ilikuwa wapi miaka hii yote, si ndiyo? Nyinyi mnasema tu peleka peleka, mtakuja kuniletea chai rumande ya Industrial Area? Nina watoto wawili. Na hao wa pale mtoni hawajaambiwa wasubiri nimalize makaratasi.

Mama_Beli_Kubwa
Watoto wawili na debe la Cowboy juu ya kabati. Sawa.

Sina_Kazi
Wadau mmelala. Someni tena. Baba alifariki 2016. Baba alipigwa msasa upya akapewa kadi mpya. Hilo tangazo la wenye bunduki wote kupigwa msasa lilitoka Disemba 2018! Mzee alitoka kaburini kupanga foleni?

Ras_wa_Kayole
😂😂😂 alipewa kadi ya marehemu

Till_Number
Nilijua. Na ile ya kuvuta na uzi ilikuwa tamu mno. Huyu anaandika hadithi, kesho tutaikuta mahali imewekwa bei.

Shemasi_Njiru
Au ni afande anavua samaki. Mimi sijasema kitu chochote hapa, hata kufuli nilitania.

Sina_Kazi
Weka picha ya hilo debe tuone.

Mzee_wa_Shabaha
Usiweke picha yoyote! Na wewe Sina_Kazi tafuta kazi.

Till_Number
Mzee pia unamtetea sana. Ama nyinyi ni mtu mmoja mwenye simu mbili? Hakuna anayeandika "gramu 410" bila kutumwa.

Mzee_wa_Shabaha
Nina mizani.

Ras_wa_Kayole
Tupige kura. Hadithi, afande, ama ukweli. Mimi hadithi.

Mama_Beli_Kubwa
Mimi najua mtu wa Gikomba akiongea. Mtu wa vitabu hawezi kujua kamera zinaisha saa kumi na mbili.

Sina_Kazi
Hiyo hata mimi najua na mimi hununua mtandaoni.

Msee_wa_Beli
2016 ni mama. Mzee ni 2019. Nimezoea kuandika hiyo moja.

Mama_Beli_Kubwa
Pole mwanangu.

Wakili_wa_Vichochoro
Mimi kura yangu naweka kando. Kama ni hadithi nimepoteza asubuhi moja, si kitu. Kesho saa tatu nitakuwa ofisini, nimekutumia namba inbox. Tunaenda kuongea na polisi kabla chuma hakijasogea kutoka hapo juu, wenyewe ndio watasema kinafikaje. Usikibebe, usikipangue, usikifunge kwa gazeti. Leo watoto walale kwa jirani. Wewe uje mikono mitupu na karatasi mbili tu: ile kadi ya mzee na cheti chake cha kifo.

Msee_wa_Beli
Kadi iko. Cheti cha kifo hatukuwahi kuchukua, tulizika na kile kibali cha mazishi tu.