MREJESHO: Panya walionigomea mitego shambani

Wakuu, mwezi uliopita nililia hapa kwamba nimetega mitego 49 ya Sherman (visanduku vinavyomnasa panya akiwa hai) kwenye shamba la mahindi pembeni ya Morogoro, usiku tatu, nikapata panya wawili na konokono mmoja. Mkulima ananihakikishia panya wapo, mbegu zote zimefukuliwa.

Nimefuata ushauri wa yule aliyesema niache mitego wazi bila kuitega, chambo ndani, siku nne nzima, panya wazoee. Pia niliacha kuiosha kwa sabuni ya unga yenye harufu. Kumbe nilikuwa najifukuzia mwenyewe! Siagi ya karanga nayo ilikuwa inaliwa na sisimizi kabla ya saa tatu usiku, kwa hiyo sasa naichanganya na pumba na kuiweka jua likikaribia kuzama.

Usiku wa kwanza baada ya hapo: panya 17, karibu wote panya shamba.

Sasa nina tatizo jipya. Yupo dume mwenye hereni namba 08 (alama ninayowavisha sikioni ili niwatambue), amenaswa usiku tano mfululizo. Anakula, analala, asubuhi namfungulia anaondoka taratibu kama mpangaji. Wenye tabia hii wakizidi, hesabu ya kuweka alama na kunasa tena, yaani kukadiria idadi ya panya wote kwa kuangalia wangapi kati ya wanaonaswa tayari wana alama, inatoa idadi ndogo kuliko iliyopo. Msimamizi wangu wa utafiti amecheka tu, akanikumbusha kuwa hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, mwaka 1960 kule Gombe, sokwe walimkimbia kwa miezi.

Wa kwangu hawakimbii tena. Namba 08 nimfanyeje?