Tumechanga milioni 9 kwa chakula cha mchana shule ya kijijini Kilolo: tufanyeje mpango usife mwaka wa pili?

Mnyalukolo_Mjini
Kamwene wakuu. Sisi wazawa wa kijiji kimoja cha Kilolo tunaoishi Iringa mjini, Mbeya na Dar tumechanga Sh 9,000,000. Shule ya msingi pale ina wanafunzi 412, wengi wanatoka mbali na wanashinda bila kula mpaka saa tisa. Kikundi hakijasajiliwa, ni grupu la WhatsApp na mweka hazina basi. Wengi wanataka tununue mahindi na maharage tukabidhi shule. Kiasi gani kinatosha, fedha zipitie wapi, na nini huwa kinaua mipango ya namna hii?

Lishe_Wangingombe
Ndugu yangu, msinunue chakula cha watoto wote. Pigeni hesabu kwanza. Mpimieni mtoto gramu 120 za unga na gramu 40 za maharage kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji kama kilo 24 za mahindi na kilo 8 za maharage. Kwa watoto 412 hayo ni karibu tani 10 za mahindi, magunia mia moja ya kilo mia mia, na magunia 32 ya maharage. Fedha yenu inaisha mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa pili kila mzazi anasubiri "watu wa mjini".

Kilo 24 ni debe moja na nusu hivi. Kaya inayolima Kilolo inaliweza hilo mwezi wa saba, hailiwezi Februari. Wazazi watoe nafaka, ninyi mbebe vitu viwili: vifaa vya kuanzia, na sehemu ya watoto ambao kwao hakuna kabisa. Mkikadiria mtoto mmoja kati ya kumi, ni watoto 41: magunia 10 ya mahindi na zaidi kidogo ya magunia 3 ya maharage kwa mwaka. Huo ni mzigo ambao kikundi kinaweza kuubeba miaka kumi.

Jambo jingine linaniuma. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa ina udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, Njombe 50.4. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Tatizo ni sahani ya mahindi matupu. Kwa hiyo sagisheni dona, msisagishe sembe, kwani sembe inatupa kiini na pumba zenye virutubishi, na kilo nyingi zinabaki mashineni. Maharage yawepo kila siku, hata kama ni kidogo. Darasa la awali wapewe uji saa nne, wasisubiri saa saba.

Mtendaji_Mstaafu
Utaratibu ni huu. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 uliweka chakula cha wanafunzi wa kutwa kwenye majukumu ya wazazi, lakini mtoto harudishwi nyumbani wala hanyimwi sahani kwa sababu mzazi hajatoa. Mipango mingi inafia hapo: mwalimu mkuu anajikuta mkusanya madeni, anagombana na wazazi, mwishoni anaacha.

Mwalimu asikusanye. Pelekeni hoja kamati ya shule, kisha serikali ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji ambao unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Subirini mkutano wa Mei au Juni, kabla mahindi hayajauzwa shambani kwa walanguzi. Muhtasari utaje kilo (usiandike "debe", maana debe la huyu limejaa kichwa na la yule limekatwa na ubao), tarehe ya mwisho, na kamati ya chakula yenye wazazi wa kila kitongoji. Wenyeviti wa vitongoji wakusanye na kupima kwa mzani mbele ya watu. Orodha ya kaya zisizo na uwezo ijadiliwe na kamati, isisomwe hadharani. Mtoto asijulikane kwamba anakula chakula cha msaada.

Wapishi wawili wapimwe afya na walipwe na wazazi. Wakijitolea bure, mshahara wao utatoka stoo.

BibiShamba_Mufindi
Naomba mtenge fedha ya kutosha kwa stoo, maana tani kumi zikiharibika hakuna mzazi atakayetoa tena.

Adui wa kwanza ni unyevu. Huku juu Juni na Julai kuna ukungu na mahindi yanakuja mabichi. Yanatakiwa yashuke mpaka asilimia 13 ya unyevu. Kama hamna kipimo, chukueni chupa kavu, tieni chumvi kavu na mahindi kiasi, tikiseni, acheni dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15, yarudi juani. Yaanikwe kwenye turubai, kamwe si chini: kuvu wa sumukuvu wanakaa kwenye udongo, na sumu yao haiishi kwa kupika. Watu walikufa Dodoma na Manyara 2016 kwa sababu hiyo. Mahindi yaliyovunda yakataliwe mlangoni, hata kama ni ya mwenyekiti.

Adui wa pili ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi stoo. Mifuko ya PICS ina plastiki mbili ndani ya kiroba. Ukifunga kila plastiki peke yake, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Watu wanakosea pale wanapofungua kila wiki kuchungulia, wanapouburuza mfuko sakafuni ukatoboka, au wanapofunga mahindi yenye unyevu. Panga juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili paka apite na panya aonekane.

Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi. Kila asubuhi mwalimu wa zamu aandike idadi ya waliohudhuria, mara gramu 120, na unga upimwe hivyo hivyo. Wakifika 380, utoke kilo 45.6. Mwisho wa mwezi mpime kilichobaki, mlinganishe na daftari, na namba ibandikwe ubao wa matangazo wa kijiji. Mkiacha kupima mwezi mmoja tu, uvumi umeanza.

Mnyalukolo_Mjini
Asanteni sana. Je, tusajili NGO? Na wapo wanaotaka tupande parachichi shuleni ili zilipe baadaye.

Mhasibu_Mafinga
Kaka, NGO chini ya Sheria ya 2002 ina ada na taarifa za kila mwaka; kwa kazi hii ni mzigo. Andikeni katiba fupi na muhtasari, mjisajili kama kikundi cha kijamii kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mfungue akaunti ya watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Simu ya mweka hazina isitunze fedha ya watu. Shule msiikabidhi taslimu: kabidhini mzani, sufuria, turubai, mifuko na tanki la maji kwa hati ya makabidhiano, viingie kwenye leja ya vifaa. Kwa maji, kadirieni lita moja na nusu kwa mtoto, kupika na kunawa. Tanki la lita 5,000 ni siku nane.

Parachichi ni wazo zuri, ila aina ya Hass huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ni miche 82 inayotaka maji kiangazi na uzio wa kuzuia ng'ombe. Kwanza mpaka wa eneo la shule upimwe na kukubaliwa kwa maandishi. Miti ikianza kuzaa kwenye ardhi yenye mgogoro, mgogoro unakua nayo.

Ndaga_Tukuyu
Nyongeza kwenye jiko. Jiko la mafiga matatu kwa watoto 400 linamaliza kuni za kijiji. Jengeni jiko banifu la matofali, sufuria izame mpaka shingoni, bomba la moshi lipite juu ya paa. Kilolo kuna mashine za mbao, ombeni mabanzi; yakae chini ya bati miezi miwili mitatu yakauke. Maharage yalowekwe tangu jioni, na yale yaliyokaa zaidi ya mwaka msiyapokee, hayaivi hata mkiyachemsha mpaka kengele ya kutoka.